Umepamba au umepaka?

Ripoti yangu ya kwanza ya kazini ilirudi mezani kwangu ikiwa na alama moja tu ya penseli. Sentensi iliyopigiwa mstari ilisomeka hivi: "Mradi umepata mafanikio makubwa licha ya changamoto chache." Pembeni, kwa herufi ndogo zilizosimama wima, paliandikwa swali: "Umepamba au umepaka?" Nilikaa nalo kwa muda mrefu, kwa sababu hadi siku ile nilikuwa nikiyatumia maneno hayo mawili bila kujiuliza kama kuna lolote linaloyatenganisha.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuwafundisha vijana utunzaji wa hesabu. Walioandikishwa walikuwa 40, na waliofika mwisho walikuwa 11. Mimi nilikuwa nimeajiriwa miezi minne tu kabla ya hapo, na kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyotokea kwa lugha ambayo wafadhili wangeisoma bila kukunja uso. Hakuna aliyenituma kudanganya, wala mimi sikujiona kuwa ninadanganya. Nilijiona ninaandika kwa adabu, kama ripoti zote nilizokuwa nimezikuta kwenye kabati zilivyoandikwa.

Mhariri wetu mwandamizi alikuwa mwanamke wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Mama, na ambaye hakuwahi kumsahihisha mtu mbele ya wenzake. Nilimfuata chumbani kwake saa za mchana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekuja na jibu au umekuja na swali?"

Nilikiri kwamba nimekuja na swali. Akaniambia kwamba ukipamba chumba, anayeingia bado anakiona chumba: anaziona kuta, anauona udogo wake, na anaona pia kwamba mwenyewe amejitahidi. Lakini ukipaka ukuta rangi, kinachoonekana ni rangi, na ule ufa uliokuwapo jana hauna tena pa kujitokezea. "Sasa niambie," akasema, akiisogeza karatasi upande wangu, "wale 29 wanaonekana wapi hapa?"

Hawakuonekana popote. Walikuwa ndani ya neno "chache".

Tangu hapo nikawa na daftari la maneno. Nilianza kwa kuyakusanya yote tuyatumiayo kwa tendo la kukifanya kitu kionekane bora kuliko kilivyo, na nilishangaa jinsi Kiswahili kilivyo tajiri upande huu: kupamba, kuremba, kutia nakshi, kutia madoido, kutia chumvi, kupiga chuku, kupaka chokaa, kulainisha, kupiga msasa, kuvika kilemba cha ukoka, kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kufunika kombe, kughushi. Mwanzoni niliyaandika kama visawe, moja chini ya jingine. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba karibu kila moja linataja kazi tofauti ya mkono, na kwamba ukiiuliza sentensi yako mkono umefanya nini, mara nyingi unajua mapema kosa liko wapi.

Kutia chumvi, kwa mfano, ni kuongeza. Anayetia chumvi anakiacha kitu mahali pake na kukikoleza, na msikilizaji mwenye masikio anaijua ladha ile. Ndiyo maana tunamsamehe msimuliaji hodari upesi kuliko tunavyomsamehe karani. Chuku nayo ni pembe ya kuumikia, na sijawahi kuona taswira inayofaa zaidi kuliko hiyo. Ngozi iliyowekewa pembe huinuka kweli, uvimbe wake hushikika kwa kidole, lakini umevutwa kwa hewa iliyonyonywa na hautakuwapo siku nyingi. Nimekutana na sentensi za namna hiyo nyingi sana, hasa zile zinazoanza kwa "kwa mara ya kwanza katika historia ya taasisi yetu", ilhali taasisi yenyewe ina miaka mitatu.

Kupiga msasa ni jambo jingine kabisa, na ningependa kulitetea. Msasa ni mti ambao majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani kuenea. Mbao iliyopigwa msasa imekuwa bora kweli. Kilichoondoka ni vibanzi, na mti umebaki mti uleule. Ninapoombwa kuipiga msasa ripoti ya mtu ninakubali kwa furaha, ingawa nimejifunza kuuliza kwanza kama ni msasa unaotakiwa au ni chokaa.

Chokaa ina sifa mbaya ya muda mrefu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Yesu anawafananisha waandishi na Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje na yenye mifupa ndani. Waswahili wana methali yao kuhusu nje na ndani, isemayo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ulimwengu mzima unapenda kisa cha Grigory Potemkin, gavana wa kusini mwa Urusi, ambaye inasemekana alijenga vijiji vya maonyesho, yaani kuta za mbele tupu, ili malkia Catherine II wa Urusi avione alipokuwa akisafiri kuelekea Crimea mwaka 1787. Kisa hiki nimekitumia mara nyingi katika mafunzo ya waandishi wapya, mpaka niliposoma kwamba wanahistoria wengi wanakiona chenyewe kuwa kimetiwa chumvi, na kwamba waliokieneza walikuwa mahasimu wa Potemkin. Ninaendelea kukisimulia, ila sasa ninasimulia na sehemu hiyo ya pili, ambayo huwafurahisha wanafunzi kuliko ile ya kwanza.

Kilemba cha ukoka huvishwa mtu. Ukoka ni nyasi. Ukimsokotea mtu kilemba cha nyasi, asubuhi anapendeza na jioni kimenyauka kichwani mwake, na aliyemvisha ameshaondoka. Mafuta ya kupaka kwa mgongo wa chupa ni ndugu yake wa karibu: chupa inapita mwilini, mwili unasikia ubaridi wa kioo, na hakuna tone lililotoka. Mama aliitumia misemo hii miwili kila alipohariri barua za pongezi, na alikuwa mkali kwa barua za pongezi kuliko kwa ripoti za fedha. Wakati huo nilidhani anazidisha.

Sehemu iliyonigharimu zaidi ni ya kubadili majina. Wataalamu wa lugha wana neno tasfida, yaani kulitaja jambo zito kwa maneno mepesi, na tasfida ni sehemu ya heshima yetu. Tunasema mtu ametutoka, mama amejifungua, mtoto amekwenda haja, na hakuna anayedanganywa kwa sababu msemaji na msikilizaji wote wanajua kilichotajwa. Kipimo nilichojiwekea ni kuuliza neno linamkinga nani. "Ametutoka" linamkinga mfiwa asichomwe. "Changamoto", kwa jinsi tulivyolitumia ofisini, lilitukinga sisi tulioandika. Neno lenyewe halina hatia. Maana yake ya awali ni jambo linalomtia mtu ari ya kutenda zaidi, na mchezaji anayepewa mpinzani hodari amepewa changamoto kwelikweli. Sisi tulilichukua neno hilo lenye nguvu tukalivisha fedha zilizochelewa, vitabu visivyofika na walimu walioacha kazi. "Mchakato" lilikuwa msaidizi wake mwaminifu. Nilipoandika kwamba ununuzi wa vitabu "upo katika mchakato", nilikuwa na maana kwamba barua ya maombi ilikuwa kwenye droo yangu ya pili kutoka juu, haijatiwa saini.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, sina budi kukiri kwamba sikuwa mwathirika wa lugha ya ofisi peke yake. Niliingia ofisini nikiwa nimeshazoea. Katika wasifu wangu wa kuombea kazi nyingine kabla ya hii niliandika kwamba "nilisanifu mfumo wa kutunza kumbukumbu". Ukweli ni kwamba nilibandika vibandiko kwenye majalada kwa wiki sita. Kwenye usaili, mzee mmoja mpole aliyevaa miwani aliniuliza, bila hila yoyote, kwa nini tuliamua kuyapanga majalada kwa namba na si kwa mwaka. Alitaka kujua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na tatizo hilo. Nilifungua mdomo, nikasema kitu kuhusu ufanisi, nikaona jinsi nia yake ya kujifunza kutoka kwangu ilivyofifia usoni. Kazi sikuipata, lakini kinachonirudia hadi leo ni ule uso. Angeniuliza kuhusu vibandiko ningemweleza mambo ya maana kabisa: gundi ipi hubanduka, wino upi hufifia, na kwa nini namba ziandikwe mgongoni mwa jalada na si usoni.

Sasa nirudi kwenye ripoti. Baada ya mazungumzo yangu na Mama niliifuta sentensi ya mafanikio makubwa nikaweka tarakimu, nikiamini kwamba tarakimu haiwezi kupakwa rangi. Niliandika kwamba idadi ya wahitimu imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 37 kulinganisha na awamu iliyotangulia. Hesabu ilikuwa sahihi: awamu ya kwanza walihitimu 8, ya pili 11. Nilichoacha ni kwamba awamu ya kwanza walioandikishwa walikuwa 25, hivyo walihitimu asilimia 32, na katika awamu ya pili walihitimu asilimia 27.5. Tulikuwa tumeongezeka na kushuka kwa wakati mmoja, nami nikachagua kusema tumeongezeka. Mchoro niliouambatanisha ulifanya vibaya zaidi, kwa kuwa mhimili wake ulianzia 7 badala ya sifuri. Nguzo ya watu 8 ikawa na urefu wa kipimo kimoja, ya watu 11 ikawa na vipimo vinne, na macho ya msomaji yakaona ukuaji wa mara nne kabla akili yake haijasoma namba.

Wahasibu wetu hawakunicheka, kwa sababu nao walikuwa na msimu wao. Kila mwisho wa mwaka malipo ya wadai yalisubirishwa siku kumi hivi ili salio la benki la siku ya kufunga hesabu lionekane limenona, kisha wiki ya kwanza ya mwaka mpya hundi zikatoka zote kwa pamoja. Ni tabia ya taasisi nyingi na ina viwango vyake. Benki ya Lehman Brothers ya Marekani iliitumia njia ya kitaalamu zaidi iliyoitwa Repo 105, yaani kuuza mali kwa ahadi ya kuinunua tena baada ya siku chache, kuondoa kwa muda takriban dola bilioni 50 kwenye mizania yake, ile hesabu ya mali na madeni, ilipofunga robo ya pili ya mwaka 2008, na Septemba mwaka huohuo ikafilisika. Sisi hatukufilisika. Tulikuwa wadogo mno kwa chokaa yetu kumwangukia mtu.

Ripoti ilitoka, ikachapishwa kwa rangi, na jalada lake lilibeba picha ya siku ya kwanza ya mafunzo: vijana 40 wamesimama kwenye ngazi, wengi wanacheka, na chini yake maneno "Washiriki wa mafunzo ya utunzaji wa hesabu". Ndani mlikuwa na simulizi tatu za wahitimu waliopata kazi. Nilizikusanya mwenyewe, na kila neno lilikuwa la kweli. Mmoja wa vijana hao alilia kwa furaha tulipokuwa tunazungumza, nami niliandika kwamba alilia.

Wiki chache baadaye alikuja binti mmoja ofisini kuomba barua ya kuthibitisha kwamba alihudhuria. Nakala za ripoti zilikuwa zimerundikwa kwenye meza ya mapokezi. Aliichukua moja, akaitazama, kisha akaweka kidole juu ya uso wake mwenyewe katika safu ya pili, karibu na nguzo. Aliifungua, akasoma kwa utulivu ukurasa baada ya ukurasa, nami nilisimama pale na barua yake mkononi nikijifanya ninaisoma upya. Alipofika kwenye ukurasa wa maendeleo ya mafunzo alinionyesha mstari mmoja.

"Samahani, kaka. Hapa mmeandika kwamba ratiba ilibadilika."

Nikamwambia ndiyo, katika wiki ya tatu ratiba ilibadilika, masomo yakahamia asubuhi.

"Haikubadilika," akasema. "Mliibadilisha. Mimi asubuhi nilikuwa kazini. Tulikuwa wengi."

Alichukua barua yake, akashukuru, akaondoka. Hakuwa amekasirika, au kama alikasirika alikuwa na malezi mazuri kuliko mimi.

Siku ile nilijifunza sarufi kuliko nilivyojifunza katika miaka yote ya shule. Kiswahili kinampa kila msemaji mlango wa uani: kikombe kimevunjika, fedha zimepotea, muda umepita, ratiba imebadilika. Kauli ya kutendeka, sawa na vitenzi kama kupotea na kupita, haihitaji mtendaji, na haina hata nafasi ya kumweka, tofauti na kauli ya kutendwa ambayo angalau inakubali kuongezewa "na". Ni kauli nzuri ya kusemea mambo ambayo kwa kweli hayana mtu nyuma yake, kama mto uliokauka. Mimi niliitumia kuandika uamuzi uliofanyika katika kikao ambacho nami nilikihudhuria, tena nikiwa mwandishi wa kumbukumbu. Niliirudia ripoti nzima na kalamu nyekundu. Vitabu vilichelewa, usafiri ulikosekana, mawasiliano yalikatika. Nilihesabu mistari 14 ya namna hiyo, na katika 11 kati yake mtendaji alikuwa sisi. Mafanikio, kwa upande mwingine, yote yalikuwa na wenyewe: tulifundisha, tulifanikisha, tuliwezesha.

Nikabaki na jambo moja lililonisumbua, kwamba kosa kubwa kuliko yote katika ripoti ile sikulipata kwenye daftari langu. Sikuwa nimetia chumvi katika simulizi za wale watatu, sikuwa nimepaka chokaa, sikuwa nimebadili jina la kitu. Niliuliza watatu na sikuuliza 37. Tuna msemo wa kufunika kombe ili mwanaharamu apite, lakini anayefunika kombe anajua kuna kombe na kuna anayefunikiwa. Mimi sikufunika kitu. Niliteua tu, na kuteua ni kazi ya halali ya kila mwandishi. Nilitafuta kitenzi kwa siku kadhaa, kisha nikampelekea Mama neno: kupepeta.

Alilikataa. Alisema kupepeta ni kazi safi, kwamba anayepepeta anatenga kinacholika na kisicholika, na kwamba sina haki ya kulichafua neno zuri kwa sababu ya ripoti yangu. Nikajibu kwamba ndiyo sababu nalitaka. Anayepaka rangi akiwa peke yake anajua kwamba anapaka, ilhali mimi nilipokuwa ninachagua simulizi nilijisikia kama mtu anayesafisha. Niliona ninaondoa yasiyohusu, yasiyo na mvuto, yanayorefusha. Wale 29 nilikuwa nimewapeperusha kwa upepo wa ungo bila kuwatazama. Mama alinisikiliza, akasema atafikiri. Baada ya wiki moja ripoti ya mwenzangu ilirudi kutoka chumbani kwake, na pembeni ya ukurasa wa simulizi za mafanikio palikuwa na herufi tatu kwa penseli: "pep?"

Toleo la pili la ripoti yetu tulilitoa, ingawa halikuchapishwa kwa rangi. Mkurugenzi hakulipenda, na sitasema kwamba wafadhili walitupongeza kwa uwazi wetu, maana hawakutupongeza. Waliomba maelezo, tukayatoa, fedha za awamu ya tatu zikaja zimepungua. Masomo yalirudishwa jioni. Mabadiliko ya maandishi yalikuwa madogo kuliko mtu angedhani. Mahali paliposema wahitimu 11, tuliongeza "kati ya 40". Mahali paliposema ratiba ilibadilika, tuliandika "tulihamisha masomo asubuhi bila kuwauliza washiriki". Niliwatafuta kwa simu walioacha, nikawapata 16, na 10 kati yao walinijibu jambo lilelile alilonijibu yule binti. Namba yake yeye niliipiga mara tatu, haikupatikana.

Mama alistaafu baada ya hapo, nami nikapewa kazi ya kuandika hotuba ya kumuaga. Nilijua nitakachokabiliana nacho, hivyo niliiandika kwa uangalifu wa hali ya juu, nikakwepa "mafanikio makubwa", nikakwepa "mchango usiopimika", nikaweka matendo na miaka. Ilipokamilika niliona inafaa aione kabla haijasomwa, kwa heshima, na pia kwa sababu nilikuwa nimezoea kutotoa maandishi ambayo hajayaona. Akairudisha asubuhi iliyofuata.

Alikuwa ameacha karibu kila kitu. Alisahihisha mwaka mmoja niliokosea, akaongeza jina la mpiga chapa wa zamani niliyemsahau. Katika aya ya mwisho, niliyoandika usiku na niliyokuwa ninajivunia kuliko zote, palikuwa na sentensi isemayo kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwona akipitisha neno lisilo la kweli. Alikuwa ameipigia mstari. Pembeni, kwa zile herufi ndogo zilizosimama wima, aliandika "ukoka", na chini yake mwaka na namba ya ukurasa. Nilikwenda kabatini kuitafuta ripoti ya mwaka huo, ya zamani kuliko kuajiriwa kwangu. Kwenye ukurasa ule, chini ya sentensi iliyosema mafanikio yalikuwa makubwa licha ya changamoto chache, palikuwa na saini yake.